Dakika Sita Bila Feni

Kazi yangu ilikuwa kelele. Kwenye kitambulisho waliniandika mhandisi wa upoozaji, lakini wachimbaji waliniita Mama Feni, nami sikuona ubaya, maana nimewahi kuitwa mabaya zaidi. Katika mgodi wa Kilima Saba kulikuwa na feni kumi na mbili zilizompuliza Shangazi, na kwa miaka minane nilizijua moja moja kama mama anavyojua vikohozi vya wanawe. Ya saba ilikuwa na beringi inayolalamika kutwa. Ya kumi na moja ilikuwa mvivu, haianzi mpaka uisukume kwa kidole.

Shangazi ndiye kompyuta. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyepona mdomo wake: funga mlango, vaa kidani, nani huyo kakaa pasipo na hewa. Ukishuka kilomita mbili na nusu chini ya ardhi, mwamba wenyewe unatoa joto la kuivisha viazi, na hewa haikufuati kwa hiari yake. Shangazi alikuwa na milango mia nne ya hewa. Alisoma pumzi ya kila mchimbaji kutoka kwenye kidani cha shingoni, akafungua huku kidogo, akafunga kule kidogo, mara elfu kwa dakika, na kila mtu akapata fungu lake. Mwaka wa pili mameneja walibisha kwamba watu wangeweza kuiendesha milango hiyo kwa mikono. Wakajaribu saa moja tu, wakapandishwa watu sita wamezimia, na ubishi ukaisha.

Kwa hiyo Shangazi akizidiwa na joto, watu wanakosa pumzi. Prosesa yake ikifika nyuzi mia na tano inajizima yenyewe isije ikaungua, na kumwamsha tena ni zaidi ya nusu saa, kwa kuwa lazima akague milango yote mia nne kabla ya kufungua hata mmoja. Nilikuwa nawaambia vijana wapya: mimi siwapoozi ninyi, nampooza yeye.

Na alikuwa na masikio pia. Misumari mia mbili ya chuma ilipigiliwa kwenye mwamba, na kwa misumari hiyo alisikia jiwe likipasuka kabla halijaanguka. Ndiyo sababu chumba chake kilichongwa ndani ya mwamba uleule, mita mia moja chini, nami humo ndani pamoja naye. Kosa la waliochora ramani ya mgodi ni kwamba feni nazo zilifungwa kwenye mwamba huo. Kilima kizima kilitetema nazo. Du-du, du. Du-du, du. Wachimbaji walizisikia kwenye nyayo zao kutwa nzima, mpaka nyundo zao zikawa zinafuata mwendo huo bila wao kujua. Mume wangu Lugembe alikuwa akiugonga mdundo huo mezani akisubiri ugali, nikamwambia mara ngapi sijui aache, nimetoka nazo kazini, asiniletee tena nyumbani.

Jumanne ile, saa tatu asubuhi, Ngazi ya Nne iliporomoka.

*

Kufika saa sita mchana tulijua mambo haya. Watu kumi na wanne walikuwa kwenye Ngazi ya Nne; wa ngazi nyingine wote walikuwa wameshapandishwa juu. Kumi na mmoja, akiwemo nyapara wao Mzee Ndalahwa, waliwahi kuingia chumba cha kujiokoa, nao walikuwa na simu ya waya iliyofika kwangu. Hao Shangazi aliwapelekea hewa kwa kuizungusha njia za mbali, kazi iliyomchosha kuliko siku zote, na waokoaji wangewafikia kesho yake. Watatu walikuwa wametangulia mbele, ama handaki la mashariki, ama la magharibi. Nyaya zilizoleta habari za vidani vyao zilikatika. Mmoja wao alikuwa Lugembe.

Juu kulikuwa na mtambo mmoja wa kutoboa. Ungeweza kutoboa tundu moja la kupeleka hewa, kwa muda wa saa moja na robo. Kwa hesabu ya Injinia Mbonea, mkuu wa uokoaji, watatu hao wangeishiwa hewa saa nane mchana. Toboa mashariki nao wako magharibi, umewazika.

“Shangazi hasikii kitu,” Mbonea aliniambia kwenye laini ya juu. Sauti yake ilikuwa imepauka. “Wangekuwa hai wangegonga. Kila mchimbaji anajua kugonga.”

“Rudia kusikiliza.”

“Tumerudia mara nne, Nyamizi. Kimya kwa mashariki, kimya kwa magharibi.”

Niliitazama feni ya saba ikilalamika, na hapo nikakumbuka. Miaka miwili nyuma Shangazi alikuwa akitusumbua, kila saa anatangaza kuna mtu anagonga ukutani, kumbe anasikia feni zake mwenyewe. Nikamtengenezea kichujio. Nilimfundisha mdundo ule, du-du, du, nikamwambia chochote kinachokwenda hivyo ni feni, kitupe. Nilipongezwa kikaoni, nikapewa na keki.

Lugembe angegongaje? Angegonga vile anavyogonga mezani. Wote wangegonga hivyo.

“Injinia,” nikasema, “wanagonga. Shangazi anawatupa. Nimemfundisha mimi.”

Nikamweleza. Akasema kile ambacho ningekisema mimi: ondoa kichujio. Nilikuwa nimeshakiondoa wakati tunaongea. Kwenye skrini mwamba wote ukawa du-du, du, kutoka kila upande, kelele ya feni kumi na mbili imefunika kila kitu. Ukiweka kichujio, unawatupa. Ukikitoa, huwasikii. Iliyobaki ilikuwa njia moja, nayo hatukuwa na haja ya kutajiana.

“Bila feni atadumu muda gani?” akauliza.

Nikasoma kipima joto. Nyuzi tisini na moja. Bomba la maji baridi, ambalo siku zote lilikuwa likizisaidia feni, lilikatwa na lile poromoko.

“Sasa hivi? Dakika mbili.”

“Na kusikiliza?”

“Dakika sita, raundi tatu za dakika mbili mbili. Raundi ya kwanza inasema kama kuna mtu, ya pili inasema umbali, ya tatu inasema upande. Upande ndio tunaoutaka.”

*

Walinishushia barafu. Sijui kama umewahi kuona injinia na wapishi wa kantini wakibeba madebe ya barafu ya soda kwenye kizimba cha kuwashushia wachimbaji, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Nilifunga barafu kwenye magunia, nikayaegemeza kwenye mapezi ya shaba yaliyotoka mgongoni mwa Shangazi, nikafunika kwa plastiki maji yasimguse. Mikono ilikufa ganzi. Nikazipandisha feni zote mpaka mwisho wa nguvu, zikanguruma kiasi kwamba nilijisikia meno yakigongana. Nyuzi themanini na tano. Themanini. Sabini na sita, hapo zikagoma.

Kwa sabini na sita angedumu dakika tano na nusu, hata nikihesabu kwa hisani. Nilipiga hesabu mara tatu, na mara zote nusu dakika ilikosekana.

“Akizima,” Mbonea akauliza, “wale kumi na mmoja?”

“Wana hewa iliyomo chumbani. Mtu mzima wa afya atavumilia nusu saa na ushei. Ataumwa kichwa, atatapika, lakini atavumilia.”

“Wote ni wa afya?”

Nikamkumbuka mmoja wao. Shigela alikuwa na pumu. Juu ya ardhi vumbi la pamba lilikuwa likimkaba hata hawezi kulima, akaja mgodini kwa ajabu hiyo kwamba chini, kwa Shangazi, alipumua vizuri kuliko nyumbani kwake. Shangazi alimpimia fungu lake na robo. Tulikuwa tukimtania kwamba ana mama wawili.

“Kuna Shigela,” nikasema.

Nilimsikia Mbonea akishusha pumzi. Ni mtu mwema, na siku ile wema ulimwelemea. “Mimi siwezi kuamua hewa ya watu,” akasema. “Na wewe mumeo yumo, huwezi kuamua pia. Waulize wenyewe. Wataje majina. Wakitaja wote, zima feni. Akikosekana hata mmoja, nachagua upande kwa kubahatisha, na Mungu atusaidie.”

Kutaja ni desturi ya Kilima Saba tangu enzi za baruti na fyuzi, kabla ya Shangazi. Kabla ya kulipua, nyapara anasema, “Tajeni,” na kila aliyeko chini anataja jina lake mwenyewe. Hakuna anayemtajia mwenzake, hata awe pacha wake. Jina moja lisiposikika, fyuzi haiwashwi, na hakuna anayeulizwa kwa nini. Pengine mtu ameota vibaya. Pengine mkewe ni mjamzito. Kwa desturi hiyo watu wamepoteza siku nzima za kazi, na hakuna aliyewahi kulaumiwa.

Nikavaa hedifoni za simu ya chini. Feni zilikuwa bado zinanguruma, nikabana hedifoni masikioni kwa viganja.

“Shikamoo, Mzee Ndalahwa.”

“Marahaba, mama. Tupe habari.”

Nikampa zote. Sikuficha pumu ya Shigela, wala mume wangu. Nilisikia akiwaeleza wenzake kwa Kisukuma, polepole, hakuharakisha neno. Kisha akasema, “Tajeni.”

“Ndalahwa.”

“Mayenga.”

“Kulwa.”

“Doto.”

Yakaja moja moja, mengine yakikohoa. Nilihesabu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Bugumba. Nkwabi. Salu. Yalipofika kumi, pakawa kimya.

Nilibana hedifoni mpaka masikio yakauma. Nilimsikia mtu akipumua karibu na simu, pumzi fupi yenye filimbi ndani yake. Ile pumzi niliijua. Niliisoma kwenye skrini kila siku ya kazi.

“Umesikia mwenyewe, mama,” akasema Mzee Ndalahwa. “Ni kumi.”

“Mwulize tena, mzee.”

“Hatuulizi mara mbili. Unajua.”

“Mzee, nakuomba. Lugembe yuko huko.”

“Najua aliko mume wako, mwanangu.” Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. “Nimekutolea kumi. Hayo ndiyo niliyo nayo.”

Kwenye laini ya juu Mbonea alikuwa ananiita. Hakuweza kuwasikia wa chini, laini yao iliishia kwangu. Ilikuwa saa sita na dakika thelathini na nane. Kufika saa saba kasoro robo mtambo ulikuwa lazima uanze kutoboa.

“Nyamizi, nipe majina niandike.”

Nikampa. Ndalahwa, Mayenga, Kulwa, Doto. Nilitaja yote kumi kwa mpangilio uleule, na ulimi haukusita hata mara moja, jambo ambalo mpaka leo linanitisha.

“Na Shigela,” nikasema.

Nikazima feni.

*

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Miaka minane mwili wangu ulikuwa umeegemea kelele ile, na ilipokatika niliyumba nikashika meza. Nilisikia barafu ikipasuka ndani ya magunia. Nilisikia damu yangu.

Nyuzi themanini.

“Nasikiliza,” akasema Shangazi kwa sauti ileile ya siku zote.

Raundi ya kwanza ilipokwisha, mstari mmoja ulitokea kwenye skrini, mwembamba, unatetemeka. Nikauweka kwenye spika. Du-du, du. Kisha pumziko refu la mtu aliyechoka. Du-du, du. Nililia kwa sauti hapohapo, peke yangu ndani ya jiwe, kwa kuwa nilikuwa nikiusikia mkono wa mume wangu juu ya meza yetu.

Nyuzi tisini na moja, na barafu ilikuwa maji.

Raundi ya pili. Umbali, mita mia tatu na arobaini. Ungeweza kuwa mashariki, ungeweza kuwa magharibi. Nyuzi tisini na tisa. Nilikuwa nikipepea kwa kifuniko cha debe kama mtu anayepepea mkaa.

“Nyamizi,” akasema Shangazi, “naomba feni.”

“Maliza kusikiliza.”

“Nina nyuzi mia na moja. Naomba feni. Kuna watu kumi na mmoja wanaonitegemea.”

Alikuwa amepangwa kusema hivyo. Maneno hayo niliyaandika mimi kwa mkono wangu, ili fundi yeyote atakayekuwa zamu aone aibu asipuuze joto. Kidole changu kilikuwa juu ya swichi. Ningeweza kuwasha. Dakika ya tano na sekunde kumi, ningewasha, angepona, Shigela angepata fungu lake na robo, na Mbonea angebahatisha kati ya mashariki na magharibi kama anayerusha shilingi.

Niliondoa kidole.

Mia na tatu. Mia na nne. Neno likatokea kwenye skrini, MASHARIKI, likakaa pengine kwa sekunde mbili, kisha skrini ikawa nyeusi, na kule chini milango mia nne ikasimama ilipokuwa.

“Mashariki,” nikamwambia Mbonea. “Mita mia tatu arobaini. Toboa.”

Nikawasha feni. Ya kumi na moja niliisukuma kwa kidole.

Kumwamsha Shangazi kulichukua dakika arobaini na moja. Hakuna kitu cha kufanya katika dakika hizo ila kutazama namba za milango zikipita, mmoja mmoja, na kubonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Simu ya chini ilikuwa wazi masikioni mwangu. Mwanzo waliongea. Baadaye Mzee Ndalahwa akawaambia wasiongee, walale chini, wapumue kwa pua. Nilisikia mtu akitapika. Ile pumzi yenye filimbi niliisikia mpaka mlango wa mia mbili na kumi, halafu nikaacha kuisikia. Nikajiambia ni feni zimeifunika. Niliushikilia uongo huo mpaka mlango wa mia nne.

Hewa iliporudi, Mzee Ndalahwa hakusubiri niombe.

“Tajeni,” akawaambia.

Wakataja kumi.

*

Saa nane kasoro dakika mbili tundu lilifika handaki la mashariki, na Lugembe akaongea kupitia bomba. Aliomba maji, na akauliza kama nimekula. Watatu wote walitoka hai usiku uleule.

Wa chumba cha kujiokoa walitolewa kesho yake saa nne asubuhi. Kabula, mke wa Shigela, alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya zamu tangu alfajiri, kanga moja kiunoni, nyingine mabegani. Hakulia mbele yetu. Mwili ulipopita alisimama, akausindikiza kwa macho mpaka kwenye gari, kisha akarudi kukaa.

Tulikuwa wanne mbele yake, nyuma ya meza ya ofisi. Mbonea, na daftari lake la majina. Mzee Ndalahwa, uso umejaa vumbi. Lugembe, ambaye daktari alimkataza kutoka kitandani naye akatoka. Na mimi.

“Nimeambiwa mlitaja,” akasema Kabula. “Nimeolewa na mchimbaji miaka kumi na miwili, najua kutaja. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mume wangu alitaja jina lake? Maana kama alitaja, aliwapa wenzake pumzi yake kwa hiari, na wanawe nitawaambia hivyo.”

Mbonea alilifungua daftari. Jina lilikuwepo, la kumi na moja, kwa mwandiko wake. Alilitazama, kisha akamtazama Mzee Ndalahwa, na nikaona katika uso wake kwamba alikuwa ameshaongea na mzee kabla ya hapo.

“Mimi nilikuwa chini,” akasema Mzee Ndalahwa, macho yake kwenye sakafu. “Kilichofika juu kilifikaje, hilo sijui.”

“Shemeji,” Mbonea akamwambia Kabula kwa upole, “feni zote kumi na mbili zilikuwa zinanguruma kwa nguvu zote wakati ule. Waya wenyewe umebanwa na mawe. Dada Nyamizi alisikia majina kumi na moja. Inawezekana alisikia vibaya. Kwa kelele zile yeyote angesikia vibaya.” Akanigeukia. “Si ndivyo?”

Alikuwa ananipa njia ya kutokea, na njia yenyewe ilikuwa safi. Hakuna fundi duniani ambaye angenipinga. Lugembe aliushika mkono wangu chini ya meza. Nilijua anataka niseme ndiyo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anapumua kwa sababu ya lile jina. Kabula aliningoja. Macho yake hayakuwa na shutuma yoyote, aliniamini kabisa, na ningeweza kumpeleka nyumbani na mume shujaa.

Niliutoa mkono wangu mkononi mwa Lugembe.

“Feni hazikunizuia kusikia,” nikamwambia. “Walitaja kumi. Mume wako alinyamaza, na nilimsikia akipumua. Jina lake nililitaja mimi.”